Mwendo ni wa Aliyekaa Nyuma: Mwongozo Kamili wa Safari ya Pikipiki na Mzazi, kutoka Mombasa hadi Malindi na Marafa

Mama yangu alikuwa na umri wa miaka 63 aliponiambia, tukiwa tumekaa barazani baada ya swala ya alasiri, kwamba anaikumbuka vizuri feri ya Kilifi, na kwamba tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 1991 amelivuka mara nyingi akiwa ndani ya basi au matatu, lakini hajawahi kulivuka huku upepo wa hori, yaani mkono wa bahari ulio chini yake, ukimpiga usoni. Mimi nilikuwa na pikipiki ya injini ya sisi (cc) 150 ambayo nilikuwa nikiitumia kwenda kazini tu. Tumeshasafiri pamoja mara tatu kuelekea Malindi tangu siku ile, na haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa kuwa mtu angeniambia kabla ya safari ya kwanza.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: mwendo wa safari ni wa aliyekaa nyuma. Kijana anayeendesha huona barabara, hushika usukani na huujua mwili wake, ilhali mzazi aliyeketi nyuma haoni shimo linalokuja, hana cha kushika isipokuwa wewe au keria, na mara nyingi hatasema kuwa amechoka kwa sababu hataki kuwa mzigo kwa mwanawe. Kila uamuzi ulio hapa chini, kuanzia mavazi mpaka saa ya kuondoka, umetokana na kanuni hiyo.

Kuchagua njia na majira

Wapo wanaoanza na barabara ya kwenda Voi ili wapande milima ya Taita hadi Wundanyi, na sitabisha kwamba kule kuna baridi tamu na mabonde ya kupendeza. Hata hivyo, sipendekezi njia hiyo kwa safari ya kwanza na mzazi, kwa kuwa barabara kuu ya Nairobi imejaa malori marefu yatokayo bandarini, na lori moja likikupita kwa kasi huwatikisa nyote wawili. Njia ya kaskazini inafaa zaidi. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni takriban kilomita 60, hadi Malindi ni takriban 120, na kutoka Malindi hadi bonde la Marafa unaongeza kama 40. Ukihesabu kwenda, kurudi na mizunguko midogo ya mjini, ni takriban kilomita 350, ambazo kwa siku tatu ni kazi nyepesi.

Epuka miezi ya masika, hasa Mei, ambapo mvua ya pwani huwa nzito na kingo za barabara hugeuka tope. Mimi huchagua Agosti na Septemba, wakati upepo wa kusi bado unavuma na jua halichomi sana. Fahamu tu kwamba kusi hukusukuma kutoka nyuma na ubavuni unapokwenda Malindi, kisha hukukabili unaporudi, kwa hiyo siku ya kurudi huchosha zaidi na hula mafuta zaidi. Januari na Februari barabara huwa kavu, lakini joto ni kali. Ukisafiri wakati huo, hakikisha umemaliza kuendesha kabla ya saa tano asubuhi.

Mwili wa mzazi kwanza

Wiki mbili kabla ya safari, mpeleke mzazi wako kwa daktari wake na mweleze wazi kwamba atakaa juu ya pikipiki kwa karibu saa moja kwa mkupuo. Uliza kuhusu magoti, nyonga, mgongo na presha. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na jambo hili dogo linaweza kumwaibisha mzazi barabarani mpaka akaacha kunywa maji, jambo ambalo ni hatari kubwa zaidi katika joto letu. Muulizeni daktari pamoja saa inayofaa kumeza dawa hizo siku za safari, wala msibadilishe chochote kwa kukisia. Dawa zote zikae katika mkoba ambao mzazi anauvaa mwilini au ulio karibu naye, na zile zinazotaka ubaridi, kama insulini, zisiwekwe kamwe kwenye sanduku linalopigwa na jua.

Usimuulize mzazi kama amechoka. Nilifanya kosa hilo safari ya kwanza. Kila nilipogeuka na kuuliza, "Mama, tusimame?" alijibu, "Twende tu mwanangu, mimi sijambo," na tulipofika Kilifi hakuweza kushuka mpaka nilipomshika kwapani. Tangu hapo, vituo vimepangwa kwa kilomita: kila 30 tunasimama dakika kumi na tano, amechoka hajachoka. Anayejua kwamba kituo kipo kwenye ratiba haoni kuwa anamchelewesha mtu.

Kuiandaa pikipiki

Pikipiki ndogo za sisi 125 hadi 150 zinatosha kabisa kwa njia hii, lakini zichunguzwe zikiwa zimebeba watu wawili, si zikiwa zimeegeshwa tupu. Mwombe mzazi aketi nyuma, kisha umwambie fundi apime cheni katika hali hiyo, kwa sababu uzito wa nyuma hushusha springi na kuikaza cheni zaidi. Cheni iliyoonekana sawa gereji inaweza kuwa imebana mno barabarani. Mchezo, yaani ulegevu wa cheni, wa sentimita 2 hadi 3 hufaa pikipiki nyingi za aina hii, ingawa kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Kaza springi za nyuma kwa ngazi moja au mbili ikiwa zina marekebisho, jaza tairi la nyuma upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya abiria, na ulipime asubuhi kabla halijapata moto. Uzito wa nyuma pia huinua taa ya mbele, kwa hiyo irekebishe ili isiwachome macho wanaokuja mbele yako.

Badilisha oili, kagua pedi za breki, na ubebe tyubu moja ya akiba, pampu, spana za ekseli, plagi na kebo ya klachi. Mafuta hayana shida: pikipiki ya namna hii ikibeba watu wawili huenda kilomita 40 hivi kwa lita, hivyo lita 9 zitatosha safari nzima. Jaza tangi Mombasa, ujaze tena Malindi kabla ya kuelekea Marafa.

Kuhusu mizigo, kumbuka kwamba watu wazima wawili peke yao hukaribia uzito ambao pikipiki ndogo imeundwa kuubeba. Tunabeba mikoba miwili laini ya pembeni, kila mmoja usiozidi kilo 4, na mto mdogo uliofungwa kwenye keria kwa kamba za mpira ili Mama aegemee. Kitu kizito hakifungwi nyuma ya mgongo wake, kwani huinua gurudumu la mbele na kuufanya usukani kuwa mwepesi.

Hati ni chache: kitambulisho, leseni yenye daraja la pikipiki, bima iliyo hai na nakala ya kitabu cha umiliki. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, na inawataka nyote wawili mvae helmeti na koti la riflekta.

Mavazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea, na ndipo nilipokaribia kumuumiza mama yangu.

Katika mji wetu akina mama wengi hupanda bodaboda wakiwa wamekaa upande, miguu yote ikining'inia kushoto. Kwa kwenda sokoni watu wamezoea, lakini kwa safari ndefu haifai hata kidogo. Uzito wote unakaa upande mmoja, abiria hawezi kuinama pamoja na dereva kwenye kona, na breki ya ghafla humtupa. Mzazi lazima apanue miguu na kukanyaga vikanyagio vyote viwili. Usimwambie jambo hili siku ya safari mbele ya majirani. Mwambie mapema, mkiwa faragha, na umpe nafasi ya kufikiria namna atakavyojistiri, kwa sababu kwake hili ni suala la heshima.

Sisi tulilitatua hivi. Mama huvaa suruali pana ya kitambaa kizito, juu yake buibui lenye upana wa kutosha, kisha pindo la buibui hukusanywa na kufungwa kwa mikanda miwili ya kitambaa, mmoja chini ya kila goti, ili kusiwe na nguo yoyote inayoning'inia chini ya kikanyagio. Katika zoezi letu la kwanza kabisa hatukufunga. Tulipofika Bamburi nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, nikasimama, na kukuta pindo la nyuma limeyeyukia kwenye ekzosi, zikiwa zimebaki sentimita chache lifike kwenye cheni. Nguo ikishikwa na cheni au gurudumu humvuta mtu chini kabla hujagundua. Tangu siku hiyo ninalikagua pindo kwa mikono yangu kila tunapopanda, na Mama haoni vibaya.

Ushungi uwe mwembamba na wa pamba, usiokuwa na pini, maana pini iliyokaa chini ya helmeti huchoma kichwa kila mnapopita tuta. Nywele zifungwe chini, karibu na shingo, kwa kuwa kibanio kilichokaa kisogoni huizuia helmeti kukaa sawasawa. Mnunulie mzazi helmeti yake mwenyewe, inayofunika uso mzima na yenye kioo, aijaribu kichwani dukani kwa dakika kumi. Ikimbana kwenye paji la uso hata kidogo, baada ya saa moja itakuwa adhabu. Viatu vifunike vifundo vya miguu. Kandambili na makubadhi yaende ndani ya mkoba.

Kwa mzazi wa kiume mambo ni mepesi zaidi, ingawa kanzu nayo inakatazwa kwa sababu zile zile, na kikoi vilevile.

Kupanda, kushuka na ishara

Fanyeni mazoezi kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani. Mzazi hupandia kushoto, kwa kuwa katika pikipiki nyingi ekzosi iko kulia na huunguza shavu la mguu. Wewe uwe umeketi tayari, miguu yote miwili chini, breki ya mbele umeishika, naye asipande mpaka useme "panda", wala asishuke mpaka useme "shuka". Akipata shida ya kuinua mguu, tafuta ukingo wa baraza au jiwe la kukanyagia. Hakuna haraka.

Barabarani hakuna mazungumzo. Upepo na helmeti huyameza maneno, na dereva anayegeuza shingo ili asikie ndiye anayegonga. Sisi tunatumia kiganja begani: kupiga mara moja ni punguza mwendo, mara mbili ni simama panapofaa, na kubana bega kwa nguvu ni simama sasa hivi. Mimi nikikaribia tuta au shimo huinua kiwiko cha kushoto, naye hujiinua kidogo juu ya vikanyagio ili mgongo usipokee kishindo. Breki zishikwe mapema na polepole, la sivyo helmeti yake itagonga yako kila mara.

Baada ya uwanja, nendeni Jumba la Mtwana, magofu yaliyo ng'ambo ya hori ya Mtwapa kando ya bahari, kama kilomita 20 hivi kutoka kisiwani. Ni umbali wa kutosha kuonyesha nyonga inauma wapi, na kuna vivuli vya kukaa. Mkirudi nyumbani salama na mzazi akauliza lini tena, basi mko tayari.

Siku ya kwanza: Mombasa hadi Malindi

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukiwa kumekucha, na ikiwezekana iwe Jumamosi au Jumapili. Lengo ni kuvuka daraja la Nyali na kuipita Kongowea kabla magari ya sokoni hayajajaa, kisha Bamburi, Shanzu na Mtwapa. Kipande hiki ndicho kigumu kuliko vyote katika safari nzima: matatu husimama bila kuashiria, tuk-tuk hugeuza zitakapo, na panapokuwa na ujenzi wa kupanua barabara utakutana na mchanga na njia za kando. Kasi ya kilomita 40 kwa saa inatosha, na hata hivyo kikomo cha kisheria mijini ni 50.

Baada ya Mtwapa barabara hufunguka. Simameni kituo cha kwanza kabla ya Vipingo, kisha mpite kati ya mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari mpaka macho yanapochoka. Hapa kilomita 60 kwa saa ndiyo kasi yetu, wala hatuzidishi hata barabara ikiwa tupu, kwa sababu kasi ikizidi hapo Mama hushika kiuno changu kwa nguvu, na mtu anayejishika kwa nguvu huchoka mara mbili.

Kabla hamjavuka daraja la Kilifi, ingieni Mnarani, ambako kuna magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo juu ya hori. Kaeni pale nusu saa. Kisha vukeni daraja kwa kasi isiyozidi 40, kwa maana upepo hupiga ubavuni bila kizuizi, na pikipiki yenye watu wawili ni tanga. Usisimame juu ya daraja kupiga picha. Mama alivuka safari ile ya kwanza akiwa amefungua kioo cha helmeti, kimya, na mkono mmoja begani kwangu. Kilifi mjini mle mahamri na mbaazi za nazi, mnunue korosho, na mzazi anyooshe miguu kwa angalau nusu saa.

Kutoka Kilifi njia hupita Tezo na Matsangoni, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, huonekana upande wa kushoto. Hewa hubadilika pale, huwa baridi kidogo na yenye harufu ya majani. Kituo cha mwisho ni Gede, ambako ninashauri mtumie saa nzima na zaidi. Mji ule wa Waswahili wa kale ulioachwa karne ya 17 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na una kasri, msikiti mkuu, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Njia zake ni tambarare na zina kivuli, jambo linalowafaa wenye magoti mabovu. Ficheni korosho zenu, kwa sababu kima wa pale hawaombi. Malindi iko mbele kwa takriban kilomita 15, nanyi mtafika mapema alasiri. Msafiri Mwislamu aliyezoea kupunguza na kuchanganya swala aipange hiyo katika ratiba tangu nyumbani, ili msiwe mnatafuta msikiti kwa pupa.

Siku ya pili: Marafa

Asubuhi pumzikeni. Mzazi alale anavyotaka, kisha mtembee kwa miguu hadi nguzo ya Vasco da Gama, yule Mreno aliyefika Malindi mwezi Aprili mwaka 1498, kisha muwaangalie wavuvi wakishusha samaki. Mwili uliokaa juu ya pikipiki unahitaji kutembea kuliko unavyohitaji kitanda.

Saa saba na nusu mchana anzeni safari. Mtavuka daraja la mto Sabaki, kisha mtaiacha barabara kuu na kuingia bara. Waulizeni waendesha bodaboda wa Malindi kuhusu hali ya njia siku hiyo, na muwe tayari kwa changarawe na vumbi. Kwenye changarawe punguza hadi 30, usishike breki ya mbele kwa ghafla, na umwambie mzazi akae ametulia hata pikipiki ikicheza chini yake.

Bonde la Marafa, ambalo Wagiriama huliita Nyari, limechongwa na mvua na upepo katika miamba laini yenye rangi nyekundu, ya machungwa na nyeupe. Wenyeji husimulia kwamba palikaa watu matajiri wa ng'ombe waliooga maziwa huku majirani wakilala njaa, hata Mungu akaididimiza nyumba yao. Lipieni kiingilio, mchukue kijana wa pale awaongoze, na muwe na pesa taslimu kidogo mbali na M-Pesa. Kushuka chini ni kwa mwenye magoti mazima tu. Mama alibaki ukingoni chini ya mti, akiniangalia nikizunguka chini, na ninaamini aliona mengi kuliko mimi, kwani uzuri wa mahali pale uko juu, unapoliona bonde zima kwa pamoja.

Watu watawaambia msubiri jua lizame, na ni kweli kwamba rangi huwaka saa hizo. Msikubali ikiwa mnalala Malindi. Ondokeni saa kumi na nusu bila kusita, ili mfike kabla ya magharibi, maana njia ile gizani ina mifugo, mashimo na vyombo visivyo na taa. Atakaye kuona machweo na alale huko huko.

Siku ya tatu na baada ya kurudi

Kurudi kuna hatari yake: mnaijua njia, mnataka nyumbani, na vituo vinaanza kurukwa. Vishikeni vile vile, kila kilomita 30. Ondokeni Malindi alfajiri inapokwisha ili muipite Mtwapa kabla ya msongamano wa mchana. Likitokea jambo, nambari za dharura nchini ni 999 na 112, na mtu mmoja nyumbani awe anapokea ujumbe wenu kila kituo.

Siku inayofuata osha pikipiki kwa maji baridi, kwa sababu chumvi ya bahari huanza kula cheni na vyuma haraka, kisha uipake cheni mafuta ikiwa imekauka. Halafu mwandalie mzazi chai, ukae naye, umuulize ni wapi paliuma na ni wapi aliogopa. Siku hiyo atasema yale ambayo hakuyasema barabarani. Mama alinijibu kwamba mgongo haukumsumbua, ila kiti kilikuwa kigumu kuanzia Matsangoni, na kabla ya magharibi nilikuwa nimeshakipeleka kwa fundi wa viti akiongeze sponji.